Orodha Inakomea Mlangoni: Saa 24 za Kwanza za Mtoto Aliyepasuliwa

Mtoto akirudishwa wodini kutoka chumba cha upasuaji, ndugu hupumua. Daktari kamaliza, kidonda kimefungwa, wanaona kilichobaki ni kusubiri apone. Hesabu zinasema vingine. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa watu wazima ulikuta vifo 239, na 225 kati ya hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe. Utafiti kama huo wa watoto, uliochapishwa mwaka 2024, ulihusisha hospitali 249 katika nchi 31 za bara hili. Asilimia 2.3 ya watoto walifariki, kiwango kinachokadiriwa kuwa mara 11 ya kile cha nchi tajiri, na karibu mmoja kati ya watano alipata madhara baada ya kupasuliwa.

Kwa hiyo, mtoto wa Bunda, Butiama au Musoma, mkoani Mara nchini Tanzania, anapopona, sifa haziishii kwa mpasuaji. Sehemu kubwa ya kazi imefanywa wodini, usiku, na mtu mwenye saa, kalamu na karatasi.

Mkoa wa Mara una historia nzuri ya kuanzia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Ifakara, hapa Tanzania, ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani ilikojaribiwa. Katika majaribio hayo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Miaka kumi baadaye, mradi wa Safe Surgery 2020 uliileta orodha hiyo katika hospitali na vituo vya afya vya Mara na Kagera. Mbinu yake ilikuwa kufundisha timu nzima kwa pamoja, yaani mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi, kisha kuwafuata kazini kwao badala ya kuwaachia vyeti vya semina.

Kituo cha tatu cha orodha ndicho kinachotuhusu hapa. Kipengele chake cha mwisho kinaitaka timu itaje mambo makuu ya kuangaliwa mgonjwa anapopata nafuu. Ni sentensi moja tu, na baada yake orodha imekwisha. Kwa mtu mzima sentensi hiyo yaweza kutosha. Kwa mtoto haitoshi, kwa sababu kila kitu chake hupimwa kwa kilo, na kosa dogo la hesabu kwake ni kubwa.

Tuchukue mfano wa kutunga: mtoto wa miaka miwili, kilo 12, aliyekatwa kipande cha utumbo kilichooza kisha utumbo ukaunganishwa. Mtoto wa umri huo ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Huyu ana mililita 960, damu isiyojaza chupa tatu za soda. Akivuja mililita 100, ambazo kwa mtu mzima si habari, amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya damu yake yote.

Yafuata maji. Kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa na Holliday na Segar mwaka 1957: kwa siku, mililita 100 kwa kila kilo ya zile kumi za kwanza, na 50 kwa kila kilo ya kumi zinazofuata. Kwa saa, hiyo ni mililita nne kwa kilo, kisha mbili. Mtoto wetu anahitaji mililita 44 kwa saa. Mpira wa dripu wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita, hivyo muuguzi anahesabu matone 44 kwa dakika. Lakini kama uliopo ni ule wa watu wazima wa matone 20 kwa mililita, hesabu sahihi ni matone 15 tu. Muuguzi aliyekariri "matone 44" bila kutazama ni mpira gani umefungwa, atampa mtoto maji ya siku nzima kwa saa nane.

Aina ya maji nayo ina uzito wake. Baada ya upasuaji, mwili wa mtoto huzuia maji yasitoke kwa mkojo. Akipewa dripu yenye chumvi kidogo, chumvi ya damu hushuka, ubongo huvimba, na degedege linaweza kufuata. Ndiyo maana miongozo ya sasa inataka dripu yenye chumvi inayokaribiana na ya damu, ikiongezwa sukari kwa mtoto mdogo asiyekula. Kipimo cha kujua kama maji yanatosha ni rahisi: mkojo, mililita moja kwa kilo kwa saa. Kwa mtoto huyu ni 12. Mpira wa mkojo ukionyesha tano kwa saa mbili mfululizo, daktari wa zamu aamshwe.

Wengi husubiri presha ishuke ndipo washtuke. Kwa mtoto, hilo ni kosa la kiufundi. Mishipa yake hujibana vizuri kiasi kwamba presha hubaki ya kawaida hata akiwa amepoteza karibu robo ya damu. Kinachotangulia kusema ni mapigo ya moyo. Mapigo 115 saa mbili usiku, 130 saa nne, 150 saa sita, huku mtoto amelala na hana homa, ni mstari unaopanda. Kila namba peke yake ina udhuru; zikiwa tatu kwenye karatasi moja, hazina. Ukaguzi usioandikwa hauwezi kuonyesha mstari huo, hata kama muuguzi alipita kila saa.

Maumivu yana hesabu yake pia. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema "nane kati ya kumi", hivyo hupimwa kwa uso, miguu, kujinyonganyonga, kilio na kubembelezeka, kila kimoja alama sifuri hadi mbili. Parasetamo miligramu 15 kwa kilo, yaani 180, hutolewa kila saa sita kwa saa ya ukutani, bila kungoja alie. Dawa kali zaidi hutolewa kwa kipimo na uangalizi. Mtoto anayeumwa tumbo hupumua juu juu na hakohoi, na mapafu yasiyotanuka hukaribisha nimonia.

Kanda ya Ziwa, ulipo Mkoa wa Mara, inaongeza mambo mawili. La kwanza ni malaria: homa ya siku ya pili inaweza kutoka kwenye mapafu, ya siku ya tano kwenye kidonda, lakini kipimo cha malaria lazima kifanyike vyovyote iwavyo. Pia kipimo kikionyesha malaria, kidonda kisiachwe kuangaliwa. La pili ni selimundu. Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania huzaliwa watoto 11,000 kwa mwaka wenye ugonjwa huo, na kanda hii ni miongoni mwa zenye mzigo mkubwa. Kwa mtoto kama huyo, baridi, upungufu wa maji na upungufu wa oksijeni vinaweza kuamsha mashambulizi. Blanketi kwake ni sehemu ya tiba.

Na kuna mama. Mara nyingi yeye ndiye mtu pekee asiyebadilishana zamu. Anajua kilio cha njaa na kilio kisicho cha kawaida. Akielezwa dalili nne, yaani kupumua kwa shida, kutapika kijani, tumbo kujaa na kulegea asiamke vizuri, anakuwa jicho la ziada lisilolipwa. Akiambiwa tu "usimpe kitu", atabaki na hofu, na huenda akampa uji kwa siri.

Pendekezo langu ni kukirefusha kituo cha tatu. Mtoto asitoke chumba cha upasuaji bila karatasi moja yenye mambo matano yaliyotamkwa kwa sauti na kupokelewa na muuguzi wa wodi: uzito, dripu kwa mililita na kwa matone ya mpira uliofungwa, dozi ya maumivu na saa ya inayofuata, kiwango cha mapigo na mkojo ambacho daktari ataitwa, na jina la atakayeitwa. Siku ya kuruhusiwa, nakala iende naye, ili zahanati ya kijijini ijue alifanyiwa nini, nyuzi zitolewe lini, na kipi kinamrudisha hospitali upesi.

Kinachohitajika ni mizani, saa, karatasi na muuguzi asiyeachiwa watoto wengi kupita uwezo wake. La mwisho ndilo ghali, na ndipo viongozi wa afya wa mkoa wanapopaswa kubanwa. Mara imeshaonyesha kuwa utaratibu hushika timu nzima ikifunzwa pamoja na kufuatiliwa. Ufuatiliaji sasa uhamie wodini, kwa swali moja linalojibika kila mwezi: kati ya watoto wote waliopasuliwa, ni wangapi karatasi zao zina mapigo yaliyoandikwa saa kumi alfajiri?