Jinsi Dola ya Nyota Ilivyojengwa kwa Alama Nane

Katika mwaka wa 1977 kampuni ndogo ya michezo, Game Designers' Workshop, yenye makao yake katika mji wa Normal, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilitoa sanduku dogo jeusi lenye vijitabu vitatu, na sanduku hilo likaitwa Traveller. Mtungaji wake alikuwa Marc Miller. Mchezo wenyewe ni wa aina ile ambayo watu wachache huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika na kusema na kutenda kwa niaba yake, ilhali mmoja wao, aitwaye mwamuzi, huwa ndiye macho na masikio yao katika ulimwengu wasiouona: huwaeleza bandari waliyofikia, desturi za wenyeji, na hatari iliyo mbele yao, na pale jambo linapokuwa na shaka dadu hukata shauri. Mwenye kuvifungua vijitabu vile leo atastaajabu kuona kwamba hamkuwa na dola iliyoelezwa kwa tafsili, wala silsila ya wafalme, wala tarehe ya vita. Mlikuwa na kanuni za kuvizalisha tu. Dola ilikuja baadaye, na kwa kuwa ilizaliwa na kanuni badala ya kutungwa kwanza kisha kutafutiwa kanuni, ilipata uthabiti ambao malimwengu mengi ya kubuni, yenye maelezo marefu kuliko yake, hayakuupata.

Kazi huanza kwa karatasi iliyochorwa vijumba vya pembe sita, 8 kwa upana na 10 kwa urefu, kila kijumba kikiwa ni masafa ya paseki moja, yaani zaidi kidogo ya miaka mitatu ya mwendo wa nuru. Kwa kila kijumba hutupwa dadu moja: ikija 4, 5 au 6, pana dunia, ikija pungufu ya hapo, ni utupu. Kisha kila dunia hupewa alama nane. Ya kwanza ni herufi ya bandari ya anga, kuanzia A, yenye karakana za kuunda vyombo vya kusafiri baina ya nyota, mpaka X, mahali pasipo na bandari kabisa. Hufuata ukubwa wa sayari, hewa yake, kiasi cha maji juu ya uso wake, wingi wa watu, aina ya serikali, ukali wa sheria, na mwisho daraja ya ufundi. Hesabu ikipita 9 hutumika herufi, A ikiwa 10, B ikiwa 11, na kuendelea, ili kila jambo likae katika alama moja. Regina, sayari ambayo wachezaji wengi waliifahamu kabla ya nyingine zote, iliandikwa A788899-A, na mwamuzi aliyezoea aliisoma pale pale: bandari bora, sayari ndogo kidogo kuliko hii yetu, hewa nzito ivutikayo, bahari juu ya sehemu nane katika kumi za uso wake, mamia ya milioni ya watu, serikali ya maofisa wasiojulikana kwa majina, sheria kali, na ufundi uliotupita sisi.

Alama hizi hazitupwi kila moja peke yake, na hapa ndipo penye ustadi wa mtungaji. Ukubwa hutokana na dadu mbili kutolewa 2. Hewa hutokana na dadu mbili kutolewa 7 na kuongezwa ukubwa, kwa hiyo sayari ndogo aghalabu haiwezi kuizuia hewa yake isitoroke, kama ilivyo kweli katika elimu ya falaki. Serikali hutokana na dadu mbili kutolewa 7 na kuongezwa wingi wa watu, na sheria hutokana na serikali kwa njia hiyo hiyo. Daraja ya ufundi ni dadu moja tu pamoja na nyongeza zinazoletwa na zile alama zilizotangulia: bandari njema huiinua sana, na hewa isiyofaa huiinua pia, kwa sababu watu wasioweza kupumua nje ya milango yao hawana budi kuwa na mashine. Bahati imo, walakini imefungwa kamba na akili.

Tuchukue mfano na tutupe dadu. Kwa bandari zatoka 7, nayo ni bandari C, ya wastani. Kwa ukubwa zatoka 5, basi ukubwa ni 3, kipenyo cha maili 3,000 hivi. Kwa hewa zatoka 6, basi hewa ni 2, nyembamba mno na yenye taka ndani yake. Kwa maji zatoka 4, na maji ni 0. Kwa watu zatoka 11, nao ni 9, maana yake mabilioni. Kwa serikali zatoka 11 tena, na jumla yake ni D, utawala wa kidini wa mabavu. Kwa sheria zatoka 3, na sheria ni 9, hapana ruhusa ya kuchukua silaha nje ya nyumba. Kwa ufundi dadu moja yatoa 1, ambayo baada ya kuongezwa na kupunguzwa kama kanuni inavyoagiza huwa 5, ufundi wa motokaa za kwanza na redio za taa. Dunia yetu, basi, ni C3209D9-5.

Mwamuzi mvivu ataitazama alama hiyo na kusema ni upuuzi: mabilioni ya watu katika jabali kavu lisilo na hewa ivutikayo, na hawana ufundi upitao ule wa babu zetu! Ataufuta wingi wa watu, aandike 3, akalale. Namsihi asifute kabla ya kuuliza. Watu hawa wanapumua nini? Maji yao yanatoka wapi? Mtu wa zama za redio za taa hawezi kuunda mtambo wa kuchuja hewa ya mji wa watu milioni kumi, kwa hiyo ama mitambo inanunuliwa kutoka nje, ama iliundwa na mababu waliojua zaidi kuliko wajukuu wao. Tukishika jibu la pili, serikali D inajieleza yenyewe: wale waliokuwa walinzi wa mitambo, kizazi baada ya kizazi, elimu ikififia na ibada ikikua, wamekuwa makuhani, na makuhani wamekuwa watawala, maana ashikaye pumzi ya watu ameshika watu wenyewe. Sheria 9 nayo inapata sababu, kwa kuwa risasi moja itoboayo ukuta yaweza kuua mtaa mzima. Na ile bandari C, ambamo mafundi wa kigeni wanaweza kutengeneza chombo kilichoharibika, lazima izungukwe na ukuta na walinzi, kwani fundi aliye huru kutembea mjini ni tishio kwa dini kuliko jeshi. Sasa waingie wachezaji, mmoja wao akiwa mhandisi, siku ambayo mtambo wa wilaya moja umeanza kukohoa na kuhani mkuu anajua siri ambayo hathubutu kuikiri. Tumepata sayari, historia yake, na mkasa wa jioni nyingi, na vyote vimechimbwa katika pengo lililokuwa baina ya alama mbili zilizokataa kupatana.

Hii ndiyo hoja yangu juu ya mchezo huu. Mtu abuniye sayari kwa mapenzi yake tu huipatanisha bila kujua. Jangwa lake lina wahamaji, msitu wake una wawindaji, na kila jambo hukaa pale tulipolitarajia. Dadu humletea lile ambalo nafsi yake isingelichagua, na kazi ya kulieleza humlazimisha kubuni sababu, na sababu zikishapangwa kwa wakati ndizo historia. Wako waliolalamika kwamba katika majimbo yaliyochapishwa mlikuwa na dunia nyingi mno za ajabu, na lalamiko hilo lina haki yake: ikiwa kila bandari ni kitendawili, msafiri huchoka na vitendawili. Dawa ni kuchagua chache za kuchimbwa na kuziacha nyingine ziwe vituo vya kutia mafuta.

Mwaka wa 1979 kampuni ile ilichapisha jimbo zima liitwalo Spinward Marches, wilaya 16 za vijumba vile, lenye dunia 439, karibu zote zikiwa zimeelezwa kwa mstari mmoja mmoja wa alama. Ramani hiyo iliumba siasa. Mitambo ya vyombo vya anga hupimwa kwa idadi ya paseki ambazo chombo huruka kwa mara moja, kuanzia 1 mpaka 6, na chombo cha mfanyabiashara mdogo huruka 1 tu. Kwa hiyo pale ambapo dunia zilitokea kukaa jirani bila kijumba kitupu baina yao, ulijitokeza mlolongo mrefu uitwao Spinward Main, ambao mnyonge mwenye chombo chake kimoja aweza kuufuata bandari kwa bandari, na kando yake zikabaki dunia ambazo haziendewi ila na makampuni makubwa na manowari. Hakuna aliyeketi akatunga sera ya biashara ya jimbo lile. Dadu na kanuni ya mruko viliitunga.

Kanuni nyingine ilizaa jambo kubwa zaidi. Mruko wowote, wa karibu au wa mbali, huchukua muda wa juma moja hivi, na hapana redio wala mwali wowote wa kutangulia chombo. Habari huenda kwa mwendo wa mbebaji wake, kama habari za Maskati zilivyofika Unguja kwa majahazi ya msimu wa kaskazi. Dola iliyotandaa maelfu ya dunia haiwezi kutawaliwa kwa amri za kila siku ikiwa amri yenyewe huchukua miezi mingi njiani. Kwa hiyo Dola ya Tatu, kama ilivyoitwa, ilipewa makabaila, watu wenye dhamana ya kuamua kwa jina la mfalme bila kumngoja, pamoja na huduma ya matarishi wenye vyombo vyepesi virukavyo paseki 4. Ukabaila katika hadithi za nyota mara nyingi ni pambo, mataji na majoho ya kupendeza macho. Hapa ni jibu la swali la uhandisi. Katika vita vya mpakani vilivyowekwa baina ya mwaka wa 1107 na 1110 wa kalenda ya dola hiyo, Norris, mtawala wa Regina, alishika uongozi wa vita kwa nguvu ya hati ya mfalme iliyokuwa mkononi mwake, na mkasa huo una uzito kwa sababu hapakuwa na njia ya kumwuliza mfalme upesi kama hati ni halali.

Historia ya kale ilibuniwa kwa taratibu iyo hiyo ya kujibu. Kwa nini wanadamu wamekutwa katika nyota zilizo mbali hivi? Kwa sababu kaumu ya Wakale iliwachukua kutoka sayari hii yetu miaka 300,000 iliyopita na kuwatawanya. Kwa nini dunia mbili jirani zinaachana kwa ufundi kama mchana na usiku? Kwa sababu baada ya dola mbili za mwanzo kuanguka ulikuja Usiku Mrefu, karne nyingi za kukatika safari, kila dunia ikibaki na bahati yake. Usiku huo ndio unaoiwezesha C3209D9-5 yetu kusadikika.

Watungaji walijua pia namna ya kuyatoa maarifa haya. Katika jarida lao, lililoanza mwaka wa 1979, walichapa habari fupi kana kwamba zimepokelewa kutoka bandari za mbali, kila moja ikiwa na jina la dunia, alama zake na tarehe ya kidola, na msomaji alizipokea toleo kwa toleo, akikisia vita kabla havijatangazwa. Maelezo ya kale nayo yalipangwa kwa alfabeti, vipande vipande, hata mchezaji akajua kiasi kile ambacho msafiri angejua.

Baadaye zilikuja kanuni nzito zaidi. Kitabu cha mwaka wa 1983 kiliwezesha kubuni kila mzingo wa kila nyota, na wapenzi wa falaki walifurahi. Kwangu mimi faida yake ni ndogo, kwani mizingo tisa iliyokadiriwa vema haiulizi swali lolote juu ya binadamu. Kosa kubwa lilikuwa la kutaka historia mpya kwa kubomoa ya zamani. Mwaka wa 1987 mfalme Strephon aliuawa katika kurasa za toleo jipya na dola ikapasuka. Mwaka wa 1993 toleo jingine liliuteketeza ustaarabu kwa uharibifu ulioenea katika mitambo yenyewe. Alama za dunia mamia, ambazo waamuzi walikuwa wamezichimba kwa miaka kumi na zaidi na kuzijaza makuhani, wakuu wa bandari na madeni, zilibatilika kwa pigo moja, na zile sababu zilizozizaa hazikutumika tena. Game Designers' Workshop ilifungwa mwaka wa 1996. Kampuni ya Mongoose ya Uingereza ilipoutoa mchezo upya mwaka wa 2008 na kulichapisha tena jimbo la Spinward Marches, iliirudisha kalenda kwenye mwaka wa 1105, kabla ya vita, Strephon akiwa hai katika kiti chake na Regina ikiwa na bandari yake ya A.