Mtiririko Usiongoja: Uhakiki wa Istilahi ya "Lugha za Mtiririko wa Data"

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, suala la istilahi za kompyuta linamhusu mwanafunzi wa Rusizi kama linavyomhusu wa Dodoma. Makala haya yanahakiki istilahi moja, "mtiririko wa data", tafsiri sisisi inayomjia mtu kwanza anapozitaja lugha za programu ambazo Jack Dennis wa MIT alichangia kuziasisi mwaka 1974.

Katika lugha hizo, mpangilio wa mistari hauamui tendo lipi litangulie. Kila tendo hutekelezwa pindi data zake zote zinapowasili. Katika hesabu (a + b) × (c − d), kujumlisha na kutoa huweza kufanywa kwa wakati mmoja na vichakataji viwili, hata vikiwa katika kompyuta tofauti. Kuzidisha husubiri majibu yote mawili.

Kwa kigezo cha uangavu, kimojawapo cha vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, istilahi hii inafaulu: msomaji huiona data ikisogea. Kwa kigezo cha usahihi inashindwa, tena mara mbili. Kwanza, katika taaluma yetu "mtiririko" tayari hubeba maana ya mfuatano. Wahakiki wa riwaya husema "mtiririko wa matukio" wakimaanisha lipi lilitangulia lipi. Mwanafunzi ataelewa kinyume cha anachofundishwa. Pili, taswira ya mto haina kusubiri. Mto Ruhwa unapoingia Rusizi, maji ya Rusizi hayasimami kuungoja. Katika lugha hizi, kungoja ndiyo kanuni yenyewe.

Isitoshe, neno hili linahitajika kwingine. SISAL, lugha iliyotolewa mwaka 1983, ina aina ya data ambayo ni thamani zinazofuatana moja baada ya nyingine. Huo ndio mtiririko hasa. Tukilitumia neno hili kotekote, dhana mbili zitagombea jina moja katika ukurasa mmoja.

Inapendekezwa kwamba tuseme "lugha za utayari wa data", na "mtiririko" ubaki kwa mfuatano wa thamani. Pendekezo hili lina upungufu: "utayari" hausemi kwamba data husafiri. Hata hivyo, data husafiri katika kila programu. Kinachozipambanua lugha hizi ni kuwa tendo huamriwa na kuwasili kwa data. Istilahi na itaje kinachopambanua.