Betri Isiyocheza Ndani ya Pedali

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa 2, msimu wa tohara wa Wabukusu, vijiji vya Bungoma vinavyopakana na Uganda hujaa muziki. Mpiga gitaa anayetoka Kitale kwenda kwenye sherehe Lwakhakha huweka vifaa vyake mfukoni na kupanda bodaboda. Pedali ya kubadili sauti ya gitaa aliyoiunda mwenyewe hutikiswa njia nzima, na kitu cha kwanza kulegea humo ndani huwa ni betri.

Sababu iko wazi. Betri ya volti 9 ina urefu wa milimita 48.5, upana wa 26.5 na unene wa 17.5. Ile ya alkali ina gramu 45 hivi, kwa hiyo mara nyingi huzidi uzito wa kila kitu kingine kilichomo kashani. Isitoshe, vichwa vyake vyote viwili, chanya na hasi, vimekaa upande mmoja, vikiachana kwa milimita 12.7 tu. Ukingo mmoja wa chuma unatosha kuviunganisha na kuleta shoti.

Kabla ya kukata bati lolote, fundi anapaswa kujua pedali yake inavuta umeme kiasi gani. Fazi ya transista 2, ile inayokwaruza sauti ya gitaa, huvuta takriban miliampia 1. Betri ya alkali yenye miliampia-saa 500 inaweza kuiendesha kwa mamia ya saa, yaani itakaa kashani miezi mingi bila kuguswa. Pedali ya kidijitali ya mwangwi inaweza kuvuta miliampia 60 au zaidi, na betri ikaisha kabla ya usiku mmoja wa harusi kwisha. Ya kwanza inahitaji kishikio imara, ya pili inahitaji mlango mwepesi.

Viwanda vikubwa vimejibu swali la jinsi ya kuifikia betri kwa njia tofauti. Pedali ya Phase 90 ya kampuni ya MXR, iliyotoka 1974, hufunguliwa kwa kutoa skrubu 4 za kifuniko cha chini. Kampuni ya Boss, ilipoleta pedali zake ndogo mwaka 1977, iliiweka betri chini ya kikanyagio, na skrubu moja ya kuzungushwa kwa vidole hutosha kuifikia.

Anayeunda yake nyumbani kwa kawaida hukimbilia sponji. Sponji ya godoro inafaa kwa muda: inabana betri na haipitishi umeme, ingawa huchakaa na kugeuka unga. Sponji nyeusi inayokuja na chipu za elektroniki isitumiwe kamwe, kwa maana imetengenezwa ili ipitishe umeme. Gundi ya moto nayo hulegea pedali ikiachwa juani.

Kwa fazi, kishikio bora ni ukanda wa chuma unaofungia mizigo madukani, kwa kuwa una asili ya springi. Unakunjwa kama herufi U, nafasi ya ndani ikiwa milimita 25 hivi, midomo ikipinduliwa nje kidogo ili betri iingie kwa kusukumwa. Unafungwa kwa skrubu ya milimita 3 yenye kichwa bapa, kisha ndani unabandikwa raba ya tyubu ya baiskeli. Betri ikae mbali na bodi ya saketi: ile ya alkali ikivuja hutoa potasiamu haidroksaidi, ambayo hula shaba.

Kazi nyingine iko kwenye tundu la kuingizia waya wa gitaa. Tundu la stereo lina miguso 3. Waya hasi wa betri ukiunganishwa na mguso wa kati, plagi ya mono hukamilisha saketi inapochomekwa, na ikichomolewa umeme hukatika. Basi anayefunga safari achomoe plagi, la sivyo betri itaendelea kuliwa mfukoni.

Majaribio hufanywa kifuniko kikiwa kimefungwa. Kasha litikiswe karibu na sikio, kisha pedali iunganishwe na amplifaya na kugongwa kwa kifundo cha kidole kila upande. Mkwaruzo ukisikika kila kidole kinapogonga, kofia ya waya inayovishwa vichwa vya betri imelegea: vishikizo vyake vibanwe taratibu kwa koleo na jaribio lirudiwe.