Funguo, Milango na Sentensi Fupi

Kazi yake huanzia kwenye funguo. Afisa wa usalama wa chuo kimoja kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Jamhuri, haketi kuandika mpango wa dharura kabla hajafungua kwa mkono wake kila mlango utakaotajwa ndani yake. Anatembea na mzee wa zamu aliyeshika shada la funguo, na kwenye kila mlango anauliza yale yale: unafunguka kwa nje au kwa ndani? Ufunguo anao nani? Mwenye ufunguo akienda kula, anamwachia nani? Majibu anayaandika kwa penseli kwenye ramani ya jengo.

Mlango wa nyuma wa maktaba umezibwa na viti vibovu. Basi hauchori. Anaomba viti viondolewe, kesho yake anarudi kuangalia, na viti vikiwepo bado, anaomba tena kwa upole ule ule. Njia ikishakuwa wazi ndipo mlango unapoingia kwenye ramani kwa wino. Swichi kuu ya stima nayo ameikagua hivyo hivyo, na vali ya gesi ya jikoni, kabati za kemikali za maabara, nondo za madirishani. Kila mtungi wa kuzimia moto anauinamia, anatazama mshale wa kipimo, anagusa pini, anasoma tarehe ya ukaguzi.

Kisha huja orodha ya hatari, na hapa anafanya kazi na kumbukumbu ya nchi nzima. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya Nairobi, jumba la Ufundi lililokuwa jirani, lenye chuo cha uhazili ndani yake, liliporomoka. Katika majengo ya karibu, watu wengi walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia mshindo wa kwanza. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, na vioo vikawapofusha. Kutokana na hayo, mpango wake una mstari mmoja: ukisikia mshindo, ondoka dirishani.

Garissa inampa mistari mingi zaidi. Aprili 2, 2015, washambuliaji waliingia chuo kikuu cha huko alfajiri, wanafunzi wengine wakiwa kitandani na wengine kwenye maombi, wakaua watu 148. Afisa huyu anaisoma saa ile kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Alfajiri mkuu wa chuo yuko kwake, wahadhiri hawajaamka. Aliye macho ni mlinzi.

“Mzee, saa kumi na moja alfajiri uko hapa na nani?”

“Niko peke yangu, madam.”

“Na ukiona hatari, unampigia nani kwanza?”

“Nampigia mkubwa wangu, nisubiri aniambie.”

Haandiki lawama yoyote. Anaandika kwamba mlinzi aliye zamu ana mamlaka ya kupiga king’ora bila kumwuliza mtu, kisha anaipeleka sentensi hiyo kwa mkuu wa chuo aitie sahihi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi bora katika mpango wote.

Siku kumi baada ya Garissa, kabla ya mapambazuko, transfoma ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirisha ya bweni. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia, na hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja. Kwa hiyo mpango wa afisa huyu una ukurasa wa maneno ya kusomwa kwenye kipaza sauti, yameandikwa kwa herufi kubwa ili mtu anayetetemeka aweze kuyasoma gizani kwa tochi. Moto: tokeni nje, nendeni uwanjani. Watu wenye silaha: wako wapi, kimbieni upande gani, au jifungieni na mzime simu. Kishindo cha stima: hakuna shambulio, kaeni mlipo. Amri za moto na za silaha hazifanani, na king’ora kimoja kwa yote mawili kingewapeleka watu uwanjani mbele ya risasi.

Kuandika kwenyewe ni kufuta. Rasimu aliyorithi ilisema wahusika watachukua hatua zifaazo. Anapiga mstari. Wahusika ni nani? Hatua gani? Badala yake: mlinzi wa lango kuu afungue malango yote mawili; mpishi wa zamu afunge vali ya gesi; mlezi wa bweni atoke na daftari la majina. Kila kitenzi kina mtu wake, na kila mtu ana wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Gari la zimamoto likitoka kituo cha Mtaa wa Tom Mboya jioni, litakutana na msongamano, na wiki ya maonyesho katika uwanja wa Jamhuri msongamano huzidi. Kwa hiyo dakika za kwanza anazigawa kwa watu walio chuoni. Ameandika pia mahali ambapo wazazi watapokelewa, kwa kuwa baada ya Garissa jamaa walikaa Uwanja wa Nyayo wakingoja mabasi ya manusura.

Mazoezi anayapanda kama ngazi. Kwanza mezani, ramani ikiwa imetandazwa na vifuniko vya soda vikiwa watu. Halafu wanatembea njia zote polepole, pamoja na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, na njia yenye vidato inabadilishwa papo hapo. King’ora huja mwisho, na kila mtu ametangaziwa. Novemba 30, 2015, katika zoezi la shambulio la kigaidi Chuo Kikuu cha Strathmore, wengi waliamini ni kweli. Mfanyakazi mmoja alifariki na wanafunzi kadhaa wakaumia. Afisa huyu hatishi watu ili awafundishe. Uwanjani anasimama na saa mkononi huku majina yakisomwa, na jina lisiloitikiwa linatafutwa mpaka lipatikane, ingawa ni zoezi tu.

Semista ikianza, anazipigia upya namba zote za simu zilizo kwenye mpango, moja baada ya nyingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila mwenye mahali pa kazi aandae utaratibu wa kuondoa watu wakati wa dharura na kuujaribu mara kwa mara. Mzazi unayempeleka mwanao chuoni mwaka huu, ukimaliza kulipa karo, omba uonyeshwe mahali pa kukusanyikia, kisha mwulize mlinzi wa lango kama anaruhusiwa kupiga king’ora.