Mistari Minne Juu ya Bahasha

Mwalimu mmoja mstaafu wa Lushoto, mkusanyaji wa stempu tangu ujana, huandika bahasha kwanza, stempu ikafuata. Haandiki stempu ikiwa ndani, maana ncha ya penseli huacha alama mgongoni mwake na alama hiyo haifutiki. Wala hatumii kalamu ya wino. Milimani kwetu ukungu huingia mpaka kabatini, na wino ukipata unyevu hauna adabu.

Bahasha zake ni zile ndogo za karatasi nyororo inayopitisha mwanga; zikimwishia hukata za kaki mwenyewe. Juu yake huweka mistari minne kwa mwandiko wa ubaoni, uliosimama wima. Nchi na mwaka. Thamani na rangi. Muhuri wa posta. Wa nne ni kasoro: jino limekatika, gundi imekwisha, kona imekunjwa. Huo wa nne ndio ninaouhusudu. Siku hizi nani anaandika kasoro ya mali yake kwa mkono wake mwenyewe, tena mahali pa kusomwa na kila mtu?

Lakini mstari unaomla muda ni wa tatu. Kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu moja, na hata baada ya uhuru stempu za kumbukumbu ziliendelea kutolewa kwa jina la nchi zote tatu, karibu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika mwaka 1977. Stempu ya namna hiyo yaweza kuwa ilibandikwa Kisumu, Jinja au Soni. Sura yake haikuambii. Kinachoamua ni kipande cha duara jeusi, pengine herufi tatu tu. Mwalimu huinamisha stempu dirishani, husogeza lenzi, hunong'ona: “…mbo. Mombo hii.” Halafu anasita, kwa kuwa herufi ya mbele yake ingeweza kuwa nyingine, na badala ya kujifurahisha huandika: “Muhuri hausomeki vizuri.”

Usambara ina sababu yake ya kuwa makini hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliozingirwa na manowari za Waingereza waliishiwa stempu, wakachapa za dharura katika kiwanda cha misheni cha Vuga, hapa hapa milimani: za heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Mwaka 1916 meli ya Marie ikapenya vizuizi hadi ghuba ya Sudi, kusini, ikiwa na shehena ya stempu nyingine, na zile za Vuga hazikuhitajika tena. Zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Zilipofukuliwa baada ya vita, nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Mwalimu hana hata moja. Anayo bahasha yake, tupu, mistari mitatu imejazwa, wa nne unangoja.

Vijana wanaompitia humshauri apige picha kwa simu, yaishe. Sibishani na simu, inahifadhi sura vizuri kuliko jicho langu. Tatizo ni kwamba picha hizo hubaki na majina ya tarakimu zilizopachikwa na simu yenyewe, mamia kwa mamia, na mwenyewe hakumbuki ipi ni ipi kabla hata mwaka haujaisha. Kuandika kunamlazimisha mtu aitazame stempu, kubonyeza hakumlazimishi.

Tanga nimeona mkusanyiko mzima ukimwagwa baada ya mzee mwenyewe kufariki. Warithi hawakuwa wabaya, walikuwa na haraka. Stempu ziling'olewa katika bahasha, zikachanganywa, zikauzwa kwa mafungu kama dagaa. Bahasha zikachomwa pamoja na magazeti ya zamani. Mnunuzi mmoja alinionyesha twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922, mzuri, mwenye robo ya muhuri shingoni, akaniuliza kama ni wa Lushoto au Korogwe. Angekuwa na bei nzuri zaidi, alisema, kama angejua. Bila shaka marehemu alijua, na alikuwa ameandika.