Kindle Umeinunua, Kitabu Je?

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Kioo cha Kindle hakifanyi kazi kama cha simu. Ndani yake kuna vidonge vidogo mno vyenye umajimaji na chembe za rangi mbili, nyeupe na nyeusi, kila rangi na chaji yake ya umeme. Umeme ukielekezwa huku, nyeusi zinapanda na herufi inatokea. Ukielekezwa kule, zinazama. Herufi ikishatokea inabaki pale bila kula umeme, ndiyo maana kifaa kinakaa wiki kadhaa bila kuchajiwa, na juani kinasomeka kama karatasi. Kwetu sisi wa umeme wa kukatika-katika, hiyo si sifa ndogo.

Kwa hiyo wanaobishana kama kesho kioo kitakuwa cha rangi au cha kukunja, waache wabishane. Mimi nalalamikia mkataba.

Julai 2009, Amazon walifuta kwa mbali nakala za 1984 na Animal Farm kwenye Kindle za wateja waliokwisha kulipa. Aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi, sawa. Lakini hebu fikiria: muuza vitabu wa mtaani aje usiku, achomoe kitabu shelfuni kwako, akuachie hela mezani! Mwanafunzi mmoja Marekani alienda mahakamani, kwa sababu maelezo aliyokuwa ameandika kuhusu kitabu hayakuwa na maana tena bila kitabu chenyewe. Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu, na vilivyonunuliwa vikatoweka. Hela zilirudi, vitabu havikurudi. Februari 2025 Amazon wakaondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya.

Yaani ulicholipia ni leseni, si kitabu. California angalau, tangu Januari 2025, sheria inamtaka muuzaji aseme hivyo waziwazi kabla hujabonyeza "nunua". Chuoni kwetu kitabu cha mwaka wa kwanza hurithiwa na watu watatu, wanne, hadi jalada lichoke. Cha leseni humwachii mdogo wako.

Wachapishaji watasema wanaogopa wizi, na wana haki: PDF za vitabu vyao zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila muhula. Ila nyingi ya hizo ni kurasa za karatasi zilizoskaniwa. Kufuli ya kidijitali itazuia nini hapo? Tor, wachapishaji wa hadithi za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012. Mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza lilisema halijaona wizi ukiongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

Kabla hujalipa, basi, tafuta kama duka linakupa faili ya EPUB isiyofungwa. Ukiipata, inakili sehemu mbili siku hiyohiyo.