Stelingi Akifa: Jinsi ya Kuipima Filamu ya Maisha ya Mtu

Kwenye vibanda vya video sheria ni moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha atasimama. Ndiyo maana filamu ya maisha ya mtu huwachanganya wengi huku Kitale na Bungoma. Mwisho wake unajulikana kabla haijaanza, na mara nyingi stelingi anakufa, tena kifo cha aibu. Hamu ya kujua nani atashinda haipo. Mtazamaji anabaki na kazi moja tu, kuupima ufundi.

Nianze na filamu ambayo huwezi kuitazama na watoto, sembuse na wakwe: Rated X, ya mwaka 2000. Inawahusu Jim na Artie Mitchell, ndugu wa California waliofungua ukumbi wa O'Farrell mjini San Francisco mwaka 1969. Walitajirika kwa filamu za ngono, hasa Behind the Green Door ya 1972, na kesi za mahakamani zikawaandama miaka nenda miaka rudi. Usiku wa tarehe 27 Februari 1991, Jim alikwenda nyumbani kwa Artie na bunduki, akamuua. Waliowaigiza nao ni ndugu wa kweli. Emilio Estevez, aliyeiongoza filamu, ndiye Jim. Charlie Sheen ndiye Artie. Majina yao tofauti hayatamshangaza mtu wa Bungoma, ambako Wafula na Simiyu hunyonya ziwa moja, mmoja kazaliwa mvua ikinyesha na mwingine wakati wa kiangazi.

Baada ya filamu kama hii utasikia maoni matatu. Wa kwanza atasema waigizaji wamefanana sana na wenyewe. Wa pili atalalamika kwamba uchi umezidi. Wa tatu atanung'unika kwamba stelingi ni mdogo kuliko alivyotarajia. Hakuna hata mmoja aliyeipima filamu. Habari ya uchi ina wenyewe: Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya, KFCB, iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street mwezi Januari 2014, na hiyo pia ni hadithi ya mtu wa kweli, dalali wa hisa Jordan Belfort. Bodi inapima kinachofaa kuonyeshwa kwa nani. Kama filamu imetengenezwa vizuri au vibaya, hilo ni letu sisi tuliolipa kiingilio. Na sura kufanana ni kazi ya msusi na mpambaji; wape sifa zao, kisha uanze kutazama.

Tazama mikono. Mtu ambaye maisha yake yanastahili filamu alikuwa na kazi, na kazi ina namna yake ya kushikwa. Mfano bora ninaoujua umetoka mwendo mfupi tu kutoka Kitale. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. The First Grader, filamu ya 2010 iliyoongozwa na Justin Chadwick, ilimpa Oliver Litondo nafasi hiyo, mtangazaji wa zamani ambaye Wakenya wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uigizaji. Mtazame mzee huyo anapoambiwa shule inataka sare. Anaikata suruali yake iwe kaptura, anavuta soksi mpaka magotini, anarudi getini. Hasemi neno. Halafu kuna penseli. Tumeonyeshwa alivyoteswa enzi za Mau Mau, penseli ikitumika kumharibia sikio. Sasa yuko darasani na anatakiwa kuchonga penseli kama kila mtoto, na mikono inakataa. Kitu kimoja kidogo kimebeba miaka hamsini. Ukiona filamu inafanya hivyo, jua aliyeiandika anajua kazi yake. Ukiona mwigizaji analazimika kusimama na kutueleza kwa maneno jinsi alivyoteseka, jua kalamu imeshindwa na mdomo umeombwa msaada.

Kwa kipimo hicho Rated X ina sehemu njema. Inasimama imara inapowaonyesha ndugu hawa wakiwa kazini, wakihangaikia kamera, pesa na wanasheria. Inalegea inapogeuka kuwa mfululizo wa unga, kelele na vurugu, kwa sababu mlevi akirudia ulevi wake mara ya tano hatuambiwi jipya. Udhaifu wake mkubwa kwangu ni wanawake. Biashara yote imejengwa juu ya miili yao, nao wanapita mbele yetu kama fanicha. Katika kila filamu ya maisha ya mtu, mtafute aliyelipa gharama za umaarufu huo, uone amepewa dakika ngapi na kama ana jambo lake mwenyewe la kusema.

Uhusiano wa ndugu nao tunaujua huku, hatuhitaji kufundishwa. Nilipoitazama Rated X na watu wazima wenzangu, mzee mmoja alikuwa na swali lake tangu mwanzo mpaka mwisho: "Wajomba wako wapi? Hakuna hata mtu wa kuwakalisha chini hawa?" Wengine walicheka. Mimi naona ni uhakiki mzito kuliko mwingi niliousoma. Ndugu mkubwa anapoingia kwa mdogo wake na bunduki, mwandishi lazima awe ametuonyesha njia nyingine zikifungwa moja baada ya nyingine, la sivyo risasi inakuwa tukio tu. Estevez na Sheen wanaokoa mengi hapo. Wana namna ya kukatizana na kutazamana pembeni ambayo ndugu pekee wanayo, na ndiyo inayotufanya tuamini kwamba upendo ulikuwapo hata siku ile.

Kuhusu ukweli wa historia, wengi ni wakali mahali pasipostahili. Tarehe inaweza kusogezwa. Bohemian Rhapsody ya 2018, ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, inamfanya awaambie wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, ilhali habari hizo zilikuja baadaye. Nililivumilia, ingawa kisiwa chenyewe kimepitiwa kama kituo cha matatu ambacho dereva hana abiria wa kushusha. Nisilolivumilia ni kuhamisha lawama. The Last King of Scotland ya 2006 imemchukua daktari wa Kiskoti wa kubuniwa, Nicholas Garrigan, ikamfanya mpenzi wa Kay, mke wa Idi Amin wa Uganda, mwanamke aliyekufa kweli mwaka 1974. Forest Whitaker aliigiza Amin kwa namna ya kutisha na tuzo ya Oscar aliistahili. Lakini kifo cha mwanamke wa kweli kimegeuzwa kuwa mkasa wa mzungu asiyekuwapo, na kwetu tunaoishi karibu na Malaba na Lwakhakha, Uganda ile ilikuwa ya majirani na mashemeji.

Mwisho, angalia filamu inakomea wapi. The First Grader inakomea kwenye ushindi wa darasani. Maruge wa kweli alifukuzwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, akaishi kambini, akahamia Nairobi, akafariki Agosti 2009. Kwa aliyeuona uwanja wa maonyesho wa Kitale ukijaa wakimbizi mwaka 2008, ukimya huo unasikika. Chadwick alichagua, na ni haki yake, ila kuchagua huko kumeifanya filamu iwe tamu kuliko maisha iliyoyasimulia.

Nikisikia mtu anaandika filamu ya Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, sitauliza ni nani atavaa ndevu zake. Nitauliza kama kuna mpira ndani yake, maana Masinde alikuwa mchezaji hodari kabla ya serikali ya kikoloni kumwita kichaa. Nitauliza wafuasi wake waliouawa Malakisi mwaka 1948 wana majina au ni umati tu unaoanguka. Na nitauliza kama inafika 1987, alipokufa, baada ya kufungwa tena na serikali ya Kenya huru, au inakatikia kwenye bendera ya uhuru.